Sauti Zote Zilipunguzwa Ila Yetu

Jumamosi, Februari 2015. Black Rock

Bon, niandike kabla sijalala.

Leo ilikuwa ile sinema ya watoto kama Neema wangu, wasiovumilia kelele wala giza. Taa waliziacha zikiwaka kidogo, sauti waliipunguza, na mtoto akitaka kutembeatembea hakuna wa kumkemea. Neema alikaa. Binti yangu, anayekimbia hata mashine ya kukaushia mikono, alikaa akila bisi!

Halafu kwenye filamu mlango ukabamizwa. Neema akaziba masikio, akaanza kuyumbayumba. Ningemwacha tu, ingepita. Lakini wifi yangu, Mama Esta, alikuwa ameshasimama. Akamwekea mkono kichwani, akakemea pepo kama tunavyoomba kanisani kwetu, kwa nguvu zote: "Toka! Muachilie mtoto!"

Ukumbi mzima kelele ilikuwa yetu peke yetu. Watoto wengine wakaanza kulia. Nikamvuta wifi mkono, na kwetu nani anamvuta mkono mama anayeomba?

Neema ndiye aliyeyamaliza. Alimfunika shangazi yake mdomo kwa kiganja chenye chumvi, akamwambia polepole kwa Kiingereza cha shuleni kwamba anamuumiza masikio.

Tulipofika nyumbani Mama Esta akasema, "Donc, yaani ni masikio tu?"

"Ni masikio, wifi."

"Na kanisani tunamukalisha mbele kila Jumapili, pembeni ya bafle, ile spika kubwa ya kwaya, ili baraka zimufikie..."

Kesho ni Jumapili, na kiti cha Neema bado kiko pale mbele.