Bakuli la Maziwa Nililokulazimisha Kunywa

Mdogo wangu Kabula,

Leo nimeingia chooni mara nne kabla ya saa tatu asubuhi, na mara ya tano nikabaki nimekaa humo humo nikikuwaza. Hapa Bariadi siku hizi najulikana kwa jambo jingine zaidi ya makala zangu. Mhudumu wa choo cha stendi akiniona natembea kwa hatua fupi ananifungulia mlango bila kuuliza kitu. Nazijua hoteli zenye choo kinachofungika na zile zenye pazia tu. Nikialikwa harusini nakaa karibu na njia. Tumbo hujaa upepo mpaka nalegeza mkanda, halafu hukaza kama nguo inayokamuliwa, kisha hudai haki yake bila kujali nimekaa na nani.

Wewe uliyajua yote haya ukiwa na miaka kumi na minne.

Unalikumbuka shamba letu la pamba kule Maswa? Tulichuma kwa mistari, mama katikati, mimi na wewe pembeni. Kila baada ya muda ulitua mfuko wako na kukimbilia vichakani, ukarudi uso umekauka. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni likizo, kichwa kimejaa vitabu, nikakupa cheo. "Mheshimiwa Tumbo ameitwa bungeni!" nilipaza sauti, na vibarua wote wakaangua kicheko. Na wewe ulicheka. Mama alipokuchemshia majani ya mpera ulikunywa umeziba pua, ukanigeukia na kusema, "Cheka tu, kaka. Siku lako likikuita, nitakutangaza kwa spika mpaka mnadani."

Ulipelekwa kupimwa. Choo, damu, minyoo, taifodi, vidonda vya tumbo. Kila mara karatasi ilirudi safi. Nyumbani msomi nilikuwa mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyezisoma karatasi hizo, na mimi ndiye niliyetoa hukumu: "Huna kitu. Ni wasiwasi wako tu." Nimeandika sentensi nyingi za kijinga maishani, lakini hakuna iliyoifikia hiyo.

Ukaolewa Kasoli, kwa watu wema wenye ng'ombe na pamba. Miaka hiyo kalamu yangu ilikuwa na vita moja iliyonipa jina. Niliwatetea vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wakati kila mtu anajua wekundu ule ni wa moshi wa kupikia maisha yao yote. Nilipigana vita hiyo kwa haki, na sijutii neno hata moja. Ninachojutia ni kwamba nilikuja nayo mpaka nyumbani kwako, nikakupiga nayo wewe.

Ujumbe ulitoka kwa wakwe zetu ukiwa mfupi: mkamwana hali chakula cha mama mkwe wake, njooni tuzungumze. Nilielewa mara moja. Kwetu bakuli la mama mkwe halikataliwi. Anayelikwepa anasema jambo bila kufungua mdomo, na jambo hilo likishazoeleka juu ya mwanamke mzee, siku moja watu huja na mapanga. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo nilikwenda mimi.

Mama mkwe wako, mayu kama tunavyoita mama kwa Kisukuma, alizungumza kwa upole. "Simshitaki huyu mtoto," alisema. "Anafanya kazi na ananiheshimu. Ila maziwa yangu anayaacha, na mboga yangu anaonja tu. Majirani wameanza kuniuliza nampa nini. Nisaidieni."

Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nilisema juu ya vikongwe waliouawa, juu ya ujinga, juu ya mabinti waliosoma wanaoendekeza woga wa kishamba. Sikukuuliza neno. Nilipomaliza niliagiza maziwa ya mgando yaletwe, uyanywe pale pale mbele ya ukoo, tufunge mjadala.

Ulipiga magoti karibu yangu ukaninong'oneza.

"Kaka, unalijua tumbo langu."

"Tumbo lako limejifunza wapi kuogopa maziwa, na wewe ni Msukuma? Kunywa."

"Nikinywa nitaumbuka."

"Usiponywa ataumbuka yeye."

Ulinitazama. Nimekuwa nikijaribu kulisahau jicho lile, sijaweza. Halikuwa na hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayehesabu watu wa kumsaidia na kukuta wamekwisha. Ukalipokea bakuli kwa mikono miwili, ukanywa lote, ukalirudisha kwa heshima. Mimi nikawatazama watu kama wakili aliyeshinda kesi.

Haikupita nusu saa. Tulikuwa tunakula ulipoinuka ghafla, na hukufika chooni. Sitaandika zaidi ya hapo, ila wasomaji wajue ilitokea uani, mbele ya baba mkwe wako, mtu ambaye kwa desturi yetu hukuruhusiwa hata kupita mbele yake bila kuinama. Ndipo shangazi wa mumeo alipopiga makofi na kusema kwa sauti, "Si mmeona? Maziwa yake hayo! Papo hapo!"

Hivyo ndivyo nilivyomtetea yule mama, Kabula. Nilikwenda kulisafisha jina lake, nikawapa wanaomsema ushahidi waliokuwa wameutafuta bila kuupata. Na wewe, niliyekulea mgongoni mama alipokuwa shambani, nikakuacha umeegemea ukuta wa watu, umejifunika khanga usoni.

Kesho yake uliondoka na begi moja. Ulipita nyumbani Maswa kumuaga mama, ukaenda Lamadi kuuza vitenge, na kila nilipopiga simu ulinijibu kwa ujumbe wa maneno mawili: "Salama, kaka." Ukaniheshimu mpaka mwisho. Afadhali ungenitukana.

Malaria ilipokuchukua nilikuja kukusanya vitu vyako. Mama mwenye nyumba alinionyesha chumba chako, kile cha mwisho kilichopakana na choo, ambacho harufu inaingia hadi kitandani. Nikamkasirikia: kwa nini alikuweka huku? "Nilimpa cha mbele, chenye dirisha zuri," akasema. "Alikikataa mwenyewe. Alisema hiki ndicho chenye raha." Mkobani mwako nikakuta karatasi za chooni, khanga ya akiba, na majani makavu ya mpera yamefungwa kwenye nailoni. Nilikaa kitandani kwako nikaelewa ramani yote ya maisha yako, na hukuwepo wa kuniambia kama nimeielewa sawasawa.

Tumbo langu lilianza miezi michache baada ya msiba. Nilipimwa kila kitu ulichopimwa wewe, na karatasi zikarudi safi vile vile. Nilikuwa tayari nimeshajipa ile hukumu yangu ya zamani pale daktari, binti mdogo kwa umri, aliponiambia, "Mzee, vipimo kuwa safi si kwamba huumwi. Unaumwa." Akautaja ugonjwa kwa herufi tatu za Kizungu, IBS, akanieleza kwamba utumbo hauna kidonda ila mwendo wake umevurugika na unakereka upesi, kwamba hauui lakini unachosha, na kwamba lazima nijichunguze ni vyakula gani vinaniamsha. Maziwa yalikuwa ya kwanza. Akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye shida hii. Nikasema alikuwepo. Nililia mbele ya mtoto yule, mimi ninayejibizana na wakubwa redioni.

Nilitaka kuandika makala ya kumchoma kila aliyekwambia huna kitu. Nilikaa mezani siku tatu. Kila nilipomtafuta mshitakiwa wa kwanza nilikuta ni mimi.

Mwezi uliopita nikafunga safari kwenda Kimali. Huko ndiko mayu anakoishi sasa, kwa mwanawe mdogo, maana baada ya siku ile maneno ya Kasoli yalizidi na watoto wake wakaogopa kumwacha pale. Ana kibanda chake. Anapika peke yake na kula peke yake. Wajukuu wamekatazwa kugusa chungu chake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Anajua.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia. Aliniitikia, akanitambua. Wala hakunifukuza. Aliingia ndani akatoka na bakuli la maziwa, akaninyooshea. Kwa dakika moja nilitaka kunywa hata kama ningeaibika njia nzima mpaka Bariadi. Kisha nikaona huo ungekuwa uongo mwingine.

"Siwezi, mayu," nikasema. "Tumbo langu ni kama la Kabula. Maziwa yanalichafua. Hakuwahi kukuogopa. Alikuwa mgonjwa, akaniambia mimi, nami nikamlazimisha."

Alikaa chini taratibu. "Alikuwa mgonjwa," alirudia. "Mimi miaka yote hii nasema, mtoto yule alinidhania mchawi." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaliweka bakuli kando, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama anayetaka kuwasha moto:

"Sasa, unakula nini?"

Nilimtajia wali na mboga za kuchemsha, Kabula. Kisha nilijiinamia kama mtoto.

Alinipikia wali mweupe na mchicha wa kuchemsha. Nilikula uani, mbele ya kila aliyetaka kutazama, nikaomba na ukoko.

Naiweka barua hii hadharani kwa sababu aibu yako niliifanya hadharani. Watu wa Kasoli mtakaoisoma: mama yule hakumfanyia dada yangu lolote, na dada yangu hakumdhania lolote. Mkitafuta mwenye kosa, anwani yangu mnaijua. Na nyinyi mlio na ndugu anayeacha chakula mezani na kuinuka mapema, msimhutubie.

Nimesoma vitabu vingi, mdogo wangu, nimeshinda mijadala mingi. Mayu hajui kusoma, na swali lake lilikuwa na maneno mawili. Ningekuuliza hilo siku ile, ungenijibu kwa nusu dakika, tungekula na kurudi kila mtu kwake, na leo ungekuwa Kasoli unanitangaza kwa spika. Nilikuwa na maneno yote ya dunia, hayo mawili sikuwa nayo. Ndiyo kwanza nakuuliza, na kaburi halina cha kunijibu.

Pumzika, Kabula, pasipo na mtu wa kukusimamia ukila.

Kaka yako mkubwa,
asiyekusikiliza