Msalaba Uliobaki Kifuani

Jumanne, 6 Novemba 1100

Hamelin amerudi! Mwanangu, mzima, juu ya farasi wake mwenyewe. Amekonda na anakohoa, lakini mabega ni yale yale ya marehemu baba yake. Nani mwingine bonde hili la mto Loir amezaa kijana wa kwenda vitani Yerusalemu na kurudi? Simwoni. Nimetuma habari kwa majirani wote, hata kwa Aremburge wa ng'ambo ya mto. Mwanawe, Foulques, alifia kwenye ukuta wa Yerusalemu. Maskini. Bata bukini wanono wametengwa kwa karamu ya Jumapili.

Jumatano, 7 Novemba

Bado amelala. Nimechukua joho lake nilifue. Msalaba mwekundu niliomshonea uko palepale kifuani. Anayekwenda huuvaa kifuani. Aliyesali kwenye Kaburi la Bwana huuhamishia mgongoni, ndipo anarudi. Hata watoto wanajua. Labda alikosa sindano — wanaume.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimemuuliza. "Sikufika, mama. Niliishia Antiokia. Tulikuwa tumezingirwa, tunakula ngozi za viatu. Usiku nikashuka ukuta kwa kamba." Akaomba mkate mwingine.

Mkewe, Richeut, hajali. "Mimi niliomba mume, mama. Msalaba ukae popote."

Ukae popote! Padre ameshatangaza: waliotoroka hawaingii kanisani, hawazikwi na wenzao, mpaka warudi wakamalize safari. Na kikohozi kile? Hataivuka hata milima.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimeufumua msalaba. Kazi — mishono yangu haiachii ovyo, masista walinifundisha kushona vizuri kuliko kuandika. Hamelin akaja akasimama mlangoni.

"Unauweka mgongoni?"

"Ndiyo."

"Wakiniuliza Yerusalemu kukoje?"

"Sema kulikuwa na joto."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Hakuniambia niache. Hakuniambia niendelee.

Jumamosi, 10 Novemba

Aremburge hakungoja Jumapili. Kaja asubuhi, matope hadi magotini, kikapu cha mapea mkononi. Nikalisukuma joho chini ya mto wa kiti.

"Umebarikiwa, jirani. Sina wivu. Nataka tu Hamelin anieleze wamemzika Foulques wangu upande gani wa ukuta. Yeye alikuwepo."

Nikamwambia bado amelala. Hamelin alikuwa chumba cha pili, anakohoa.

"Basi alale. Kesho nitakaa karibu naye mezani."

Joho liko mapajani. Mikono miwili ya msalaba imeshika mgongoni, miwili inaning'inia. Sindano ninayo. Wote wanakuja kesho, Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Martini.