Moto Chini ya Udongo

Mujukuu wangu Monga,

Jambo sana kutoka Kamina. Tuko wazima. Mjomba wako amefika toka Luena na treni, amechelewa siku mbili, anacheka tu.

Umeniuliza kama ninasadiki kazi yako. Unasema galaksi mbili, hizo jamii kubwa za nyota, zinagongana, na badala ya kufa zinazaa nyota mpya. Vumbi linafunika nyota changa, jicho linaona giza, lakini chombo chenu cha kutazamia mbingu kinapokea joto lao na kuonyesha zilivyosongamana.

Nimesadiki tangu utoto. Tata, baba yangu, alikuwa anachoma makala, mkaa wa kupikia: anapanga miti, anaifunika majani na udongo, na moto unaila ndani polepole bila kuonekana. Siku moja aliniachia nilinde. Sikuona mwangaza, na moshi ulikuwa umepungua. Nikadhani moto umekufa, nikatoboa udongo nichungulie. Hewa ikaingia, moto ukawaka. Tata aliporudi, nusu ya makala ilikuwa majivu.

Hakunipiga. Alishika mkono wangu, akaupitisha juu ya udongo uliobaki. Baridi. Baridi tena. Kisha joto.

“Weye ulitafuta mwangaza,” akasema. “Moto iko hapa siku zote.”

Jumapili niliwasomea wamama wa kanisa barua yako. Mmoja akauliza, “Sasa Monga anaona namna gani nyota ndani ya giza?”

Nilimuonyesha kiganja changu.

Kambo, bibi yako anayekupenda,
Ngoie