Basi la Saa Moja Kamili

Noonkopir, Kitengela
Jumapili, 9 Oktoba 2005

Kwa kaka yangu Bedan,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana, wewe na Mugure na watoto. Mko aje huko Ol Kalou? Tunasikia baridi ya huko mwaka huu si ya kuchezewa, na kwamba siku hizi unaamkia ng'ombe badala ya kuamkia manamba wa matatu yako. Mwambie Mugure akuvalishe ile sweta ya kijivu, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo. Vumbi ni lile lile, mvua bado inatuzungusha, na Mama anakula vizuri. Habari zake kamili ziko huko mbele, usiruke karatasi kuzitafuta.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijipanga niyaseme kwa simu, nikaona kadi itaisha kabla sijafika pale ninapotaka kufika. Tena wewe kwenye simu huongei, unaguna tu. Kwa hivyo kaa chini, weka kikombe chako mbali na barua hii, usome pole pole.

Wiki iliyopita nilikuwa Kajiado na Mzee Gakuru, mwenyekiti wetu wa chama cha wenye mabasi. Tuliitwa na baraza, tukakutana na wale wataalamu kutoka Nairobi wanaochora mipango ya mabasi makubwa ya miaka ijayo, yale ya mwendo wa haraka yasiyosimama kila penye mtu na mzigo. Walituambia kwamba miji mingine imewaletea maombi, sisi tumewaletea basi linalotembea. Wanataka ratiba yetu ifike Isinya, halafu Kajiado yenyewe. Mzee Gakuru alivaa ile suti yake ya harusi za watu na kuhutubia mpaka chai ikapoa. Alisema watu wa Kitengela wanapenda saa kuliko watu wote wa wilaya hii. Mimi nilipiga makofi, lakini leo nayaonea haya, na sababu utaijua.

Wewe ulikuwepo mambo haya yalipoanza, lakini tangu ule mkutano wa Mei hatukuwa tukiongea vizuri, na mwezi wa nane ukaondoka. Acha basi niyaeleze kama nilivyoyaona mimi kutoka upande wangu wa barabara.

Unakumbuka Mama alipomaliza kufanyiwa upasuaji wa titi, daktari alimwandikia mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, pale hospitali Nairobi. Foleni hupangwa asubuhi, na ikikupita imekupita. Kulala kwa shangazi mjini alikataa kabisa, unajua Mama na vitanda vya watu. Kwa hivyo kila siku alitoka hapa alfajiri, na bado katika wiki ya kwanza alichelewa mara mbili akarudishwa. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kukosa, hayo matibabu ni sawa na dawa iliyomwagwa.

Na hakuwa akichelewa kwa uvivu. Alikuwa akiingia kwenye matatu akiona imekaribia kujaa, anashukuru, anaketi. Kumbe nusu ya wale waliomo ni wale watu wa kukaa, wale mnaowaweka ndani ili gari lionekane liko karibu kuondoka. Abiria wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka kana kwamba amesahau kitu nyumbani. Mama anabaki pale pale na saa inakwenda. Usinune, Bedan. Ni kazi ya stage, kila gari lilikuwa nao, lako pia.

Ndipo nikaenda mbele ya wenye magari, kwenye ule mkutano wa Mei katika ukumbi wa kanisa, na ratiba niliyoichora mwenyewe kama katibu wa chama. Nilitaka basi moja tu la kujaribia, lile kubwa la Mzee Gakuru linaloendeshwa na Musila. Liondoke saa moja kamili asubuhi, likiwa limejaa au halijajaa. Lisimame Athi River na Mlolongo, kisha mjini. Na asiwekwe ndani mtu wa kukaa hata mmoja. Nilisema hayo yote nikimfikiria Mama, lakini kwa wazee nilisema ni maendeleo.

Wewe ukasimama kule nyuma karibu na mlango. Ulisema, "Ciku, watu wa hapa hawapandi gari tupu." Mimi nikakujibu mbele ya watu wote kwamba wewe unaogopa kunyang'anywa abiria, na wazee wakacheka. Ukatoka ukaenda zako. Walinipa mwezi mmoja, basi likikosa watu lirudi kazi yake ya zamani.

Bedan, ulikuwa umesema kweli. Jumatatu ile ya kwanza basi lilisimama stage likiwa limeoshwa, saa imeandikwa kwenye kibao kwa rangi nyekundu, na watu wakaliangalia kama wanavyoangalia gari la polisi. Wakalipita wakaenda kupanda matatu zenye vichwa ndani. Si ujinga. Kila mtu hapa amefunzwa na miaka yake mwenyewe kwamba gari tupu haliendi popote, ukilipanda utakaa humo mpaka ufe njaa. Unaweza kuandika saa ukutani kwa rangi yoyote ile, mtu ataamini vichwa. Hilo sikuwa nimelichora kwenye ratiba yangu.

Mama peke yake ndiye aliyepanda. Saa moja ilipofika Musila aliondoka na abiria huyo mmoja, na siku hiyo Mama alifika hospitali mapema hata akapata kiti. Jumanne ikawa vile vile. Jumatano Mzee Gakuru alikuja ofisini bila salamu. Alisema yeye si serikali, hawezi kuchoma dizeli kumpeleka mama yangu Nairobi kama waziri, na kwamba, mwezi au si mwezi, ikifika Ijumaa hivyo hivyo basi hilo linarudi kubeba maharusi. Nilibaki pale nikihesabu siku za Mama zilizobaki. Nilijua Jumatatu itakayofuata Mama atarudi kuketi ndani ya matatu akingoja watu wasioenda popote.

Alhamisi nikachungulia dirishani na kuona vichwa. Nilidhani macho yananidanganya. Siti za mbele zilikuwa na watu, na karibu na Mama alikuwa mwanamke mnene mwenye begi kubwa, wanaongea kana kwamba wamezaliwa nyumba moja. Soila, yule dada anayeuza maziwa kando ya stage, aliegemea dirisha la basi akauliza kama hii inaenda kweli. Yule mwenye begi akamjibu kwamba inaenda. Soila akamwachia mwenzake mitungi akapanda, alikuwa na shughuli zake mjini ambazo alikuwa ameziahirisha. Nyuma yake wakaingia wawili wa kiwandani, na mwalimu, na mtu na kuku wake. Ijumaa wakawa wengi zaidi. Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni kabla Musila hajafungua mlango.

Nakwambia nilitembea Noonkopir nimeinua shingo. Nilisema watu wameelewa. Nilisema ratiba imejieleza yenyewe. Kanisani nilitoa ushuhuda, na pengine uliusikia, maana ulikuwa umekaa benchi la nyuma, ukaguna.

Mama alimaliza matibabu bila kukosa siku nyingine hata moja. Kila jioni alikuwa akinisimulia habari za rafiki yake wa kwenye basi, yule mwenye begi, Kaveke, Mkamba mmoja wa huku chini karibu na soko, jinsi anavyomshika mkono wakivuka barabara, jinsi anavyomngoja nje na kurudi naye. Nilidhani huyo mama naye ana mgonjwa hospitalini. Nikawa namwombea.

Sasa habari yenyewe. Jumanne iliyopita Mama alirudi kwa daktari kupimwa. Daktari alisema hakuna kitu. Alirudia, hakuna kitu, mama, nenda nyumbani ulee wajukuu. Mama alitaka niandike maneno hayo hayo kama yalivyo, nami nimeyaandika. Tulilia pale kwenye korido mpaka mlinzi akatuletea maji. Mungu ametutendea, Bedan, na mimi sina namna nyingine ya kulisema.

Barua hii ingeishia hapo na ingetosha. Lakini Ijumaa, baada ya kurudi kutoka Kajiado, nilikuwa natafuta mtu wa kusimama stage awaelekeze abiria wa ratiba mpya. Akaja Kaveke. Tulisalimiana sana, nikampa pole ya mgonjwa wake, akanitazama kama ambaye hajaelewa. Nikamuuliza kama mtu wa ofisi, je, kazi ya magari anaijua?

"Niko na experience, madam," akasema. "Nimekaa kwa magari miaka mingi. Lakini sikuwa nafika mahali."

Akaweka lile begi lake mezani na kulifungua. Lilikuwa limejaa magazeti makuukuu, yamekunjwa vizuri ili lionekane begi la msafiri. Nikamuuliza alikuwa akimkalia nani. Akasema kwa upole, kama mtu anayetaja mdhamini wake, kwamba alikuwa akimkalia ndugu yangu.

Nilifunga mlango nikamwambia anieleze yote, naye akanieleza. Alisema Jumatano ile ulikuwa umesimama kando ya gari lako, likiwa na watu wako ndani kama kawaida. Mama alikuwa peke yake kwenye basi, ameketi dirishani, mkoba kwenye magoti, akiangalia mbele, na stage nzima ikimwangalia. Manamba wako akacheka, akasema basi la Ciku limepata abiria mmoja wa kuliombea. Kaveke anasema wewe hukucheka. Uliliangalia basi mpaka likapinda kule kwenye barabara ya Namanga. Kesho yake ukawaambia watu wako wote watoke kwenye gari lako waende wakae kule, na nauli ukawapa. Wakakuuliza washukie wapi.

"Akatuambia, 'Msishuke hapa stage, subirini Mlolongo. Mkishuka Ciku atajua,'" Kaveke akasema. "Halafu akasema, 'Huyo ni mama yangu. Hatakaa peke yake.'"

Wenzake walikuwa wakishuka Mlolongo na kurudi. Yeye alitakiwa ashuke nao, lakini Mama alikuwa katikati ya hadithi, na Kaveke akataka kujua mwisho wake, ndiyo maana akafika Nairobi. Alisema alipoona gari limefika pale lilipokuwa linaenda, na yeye bado yuko ndani, alisikia furaha ya ajabu. Tangu siku hiyo hakushuka tena njiani.

Nimeyafikiria hayo siku zote hizi mbili, na kinachonirudia ni gari lako. Maana wewe ndiye uliyeniambia kwamba watu wa hapa hawapandi gari tupu, na asubuhi ile gari lako mwenyewe ulilitoa watu. Ulisimama nalo pale likiwa tupu, ukijua vizuri litakaa hapo mpaka lini. Na ukafanya hivyo tena kesho yake, na wiki iliyofuata, hadi basi langu lilipoacha kuhitaji msaada. Ulipoliuza mwezi wa nane nilidhani ni zile sheria mpya za mikanda na vidhibiti mwendo zimekuchosha. Hata nikamwambia Mugure afadhali. Kaka yangu, nakushukuru. Nakushukuru kwa Mama, nakushukuru kwa basi, na nakushukuru kwa kuniacha nijione mjanja miezi minne mizima, jambo ambalo najua lilikugharimu kunyamaza.

Kaveke nimemwajiri. Anasimama pale na kofia ya chama na begi lake, ambalo sasa lina mwavuli na chakula. Mzee Gakuru sijamwambia neno, na sitamwambia. Kajiado wanaamini kwamba watu wetu walivutwa na saa, na mipango yao wameijengea hapo, waache. Mama, sijui kama anajua. Nilipomtajia jina lako jana alitabasamu, akaniambia nikuulize kama unakula.

Anakusalimu sana. Musila anakusalimu, na Soila anakupa supa nyingi, ile salamu yao ya Kimaasai, anasema maziwa ya ng'ombe wako wa baridi hayawezi kushinda ya kwake. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na umwambie Mugure kwamba ule uzi wa kushonea aliouagiza nimeupata, nitampa mkononi.

Maana Krismasi lazima mje. Mama amesema, na mimi nimesema. Mkifika Nairobi msikimbilie matatu zenye vichwa. Basi letu la jioni linatoka saa kumi na moja kamili, Musila mwenyewe kwenye usukani, na Mama atakuwa akiwangoja stage huku na shali yake. Hata mkilikuta tupu, pandeni. Litaondoka.

Ni mimi dada yako,
Ciku