Anapiga, Hapigwi

Shemeji Mugabo,

Salamu zitoke hapa mtaani kwetu Phillips, huku ughaibuni, zikufikie huko Goma. Sisi wazima, ila theluji imeanza mapema na goti langu linalalamika.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Unasema Uwimana, binti wa marehemu ndugu yako, anapigwa picha na wanaume baharini, na nisipomrudisha wiki hii hutasimama kupokea mahari yake. Najua aliyekupasha habari ni Mama Yves wa kanisani. Shemeji, mtoto hapigwi picha. Anapiga! Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hata mimi najua hayo si neno moja.

Yuko Alaska kwenye meli ya wavuvi. Wao wakivuta nyavu, yeye anapiga picha za ndege wanaofuata samaki, na za sili, mnyama wa bahari mwenye masharubu kama yako. Nilimwuliza kwa simu, "Umevaa nini, mwanangu?" Akacheka. "Makoti mawili na buti za mpira, Mama. Nanuka samaki, nani atanipiga picha?"

Yale maji nayaogopa kuliko unavyoyaogopa wewe. Simu ikilia tu, naikimbilia na goti hili hili bovu. Lakini kumwambia arudi, simwambii. Kazi hiyo ameitafuta miaka miwili.

Kwa hiyo baki na kiti chako. Siku ya mahari, wageni wakiuliza msemaji wa upande wetu ni nani, nitasimama mimi niliyemzaa.

Ni mimi shemeji yako, nisiyekuchukia,
Emérance