Chokaa kwenye Vumbi la Kware

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Papa anachekecha udongo wake tena. Mvua siku tatu, Bukavu yote ni tope, lakini yeye anapata udongo mkavu chini ya ngazi za nyumba. Anauanika juu ya bati, anauchekecha, anaumimina kwenye beseni ili kware waoge vumbi. Wako watano. Alikuja nao kutoka kisiwa cha Idjwi baada ya mazishi ya mama. Kikapu cha ndege kilikuwa kikubwa kuliko mzigo wake wa nguo. Wanajitupa kwenye vumbi, wanapiga mabawa, wanalala ubavu kama wamelewa. Papa anacheka peke yake. Vumbi linafika mpaka kwenye mashati yangu ya kazini. Nimechoka.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

"Maman, majivu iko?" Ananiita maman kwa sababu nina jina la mama yake. Anataka majivu ya kuchanganya na udongo, yafukuze chawa wa kware. Nitayatoa wapi? Napika kwa resho, jiko la umeme. Nilimwambia jana. Nilimwambia wiki iliyopita. Leo nilimjibu kwa ukali, akarudi kwa kware wake. Nikaenda ofisini na hasira, nikarudi nayo.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Nimeyamaliza maswali ya majivu. Kulikuwa na mfuko wa chokaa uliobaki tulipopaka ukuta. Nyeupe, laini, ukiiangalia haraka ni majivu. Nikatia vikombe viwili kwenye beseni wakati Papa ananawa uso, nikakoroga. Nikamwambia jirani amenipa majivu.

"Aksanti sana, maman. Mungu akubariki."

Nilikuwa nimechelewa kazini. Sikufikiri zaidi.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Macho ya kware yamevimba. Wawili hawafungui kabisa. Ngozi ya tumbo nyekundu, manyoya yanatoka. Papa yuko nao tangu asubuhi, anawaosha macho na kitambaa, mmoja mmoja. Nilimwaga beseni lote nyuma ya nyumba. Aliniona. Alidhani namsaidia, akanishukuru.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Mmoja amekufa. Yule mdogo aliyekuwa anakula kwenye kiganja chake.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta Papa amepiga magoti chini ya ngazi, ananusa udongo. "Ni mimi," akasema. "Nilichimba karibu na maji machafu. Macho yangu haione tena muzuri. Nimeua ndege yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Mwoga mimi.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Amempa Maman Riziki, jirani wa chini, kware wake. Wote wanne. Alirudi mikono mitupu, akaketi kitandani mchana kutwa. "Mutu haone, anafuga nini?" Hakula.

Ua ni safi. Mashati ni safi. Najichukia.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Misani sikwenda kukomunika. Papa akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Uongo mwingine. Akanitafutia dawa kwenye mfuko wa koti lake.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye chai.

"Papa, haikuwa udongo yako. Nilitia chokaa."

Akaweka kikombe chini. "Chokaa ya ukuta?"

"Ndiyo."

"Na siku yote ile mi najilaumu, ulikuwa unaniangalia tu?"

"Ndiyo, Papa."

Hakupandisha sauti. Aliangalia viganja vyake, akavigeuza, akaviangalia tena. Akavaa viatu, akashuka kwa Maman Riziki. Alirudi na kware wawili. Wale wengine waliliwa jana, Maman Riziki alikuwa na wageni. Siwezi kumlaumu. Alipewa.

Mmoja wa waliorudi, jicho la kushoto limekufa.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Papa anazungumza nami kama mgeni aliyefikia nyumbani kwa watu. Samahani. Aksanti. Naomba nipite. Ingekuwa heri anigombeze. Jioni nilipiga magoti mbele yake, nikaomba msamaha. Akanishika kichwa.

"Nimekusamehe, maman. Lakini nitarudi Idjwi, kwa mudogo yangu. Kule nikikosa kitu, natafuta mwenyewe. Siombe mutu."

Nilimwambia hapa ni kwake. Akasema anajua. Akaanza kukunja mashati yake.

Nilidhani msamaha ungemfanya abaki.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Nimemsindikiza bandarini. Aliketi mbele kwenye mashua, kikapu mapajani, koti limefunika kikapu kwa sababu ya upepo. Tuliongea kidogo. Kuhusu mawimbi, kuhusu bei ya samaki. Mashua ilipoondoka alinipungia mkono mara moja, kisha akainamia ndege wake.

Nilibaki pale mpaka muuza samaki akaniuliza kama nangoja mtu.

Alasiri simu. Amefika. Mdogo wake ameshamwonyesha mahali pakavu nyuma ya jiko, kware wameoga, hata yule wa jicho moja.

"Umekula?" akauliza.

"Ndiyo."

Nilisikia mbuzi upande wake.

"Hapana, Papa. Bado sijakula."

"Basi enda ukule, maman."

Nikaenda.