Mama Alihamisha Msalaba Mweupe, Mume Wangu Amekiri Kosa

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Nisaidie, maana nimebeba neno linalonikaba na sina wa kumwambia, ningemwambia mama yangu lakini neno lenyewe ni lake, ningemwambia mume wangu lakini ndilo linalommaliza, kwa hiyo nakuandikia wewe usiyenijua.

Mume wangu ni mpima ardhi wa halmashauri ya mji. Mji wetu haujawahi kuwa na ramani ya maana, iliyopo ni ya zamani, nusu ya mitaa haimo, gari la wagonjwa likiitwa huku kwetu linazunguka mpaka mtu atoke barabarani apunge shuka. Basi mwaka huu serikali kuu ikakubali kuchangia, nusu yao nusu yetu, ndege ije ipige mji mzima picha kutoka juu na ramani ichorwe kwenye hizo picha, na halmashauri ikajikamua kwelikweli, hata paa la wodi ya wazazi likasubiri ili nusu yetu itimie. Kabla ndege haijaja, mume wangu na wenzake walizunguka mji wakitandika chini misalaba ya turubai jeupe, kila mmoja juu ya chuma kilichochomekwa ardhini, na wakapima kila chuma kilipo, ili misalaba ionekane kwenye picha na picha zikae sawasawa na ardhi. Gari la matangazo likapita likitangaza kwamba atakayegusa alama atafungwa.

Mama anaishi peke yake pembezoni mwa mji, na nyuma ya nyumba yake kuna uwanja mtupu, hauna mti wala jiwe la kuweka akilini. Hakuhamia huko kwa kupenda, Shangazi. Nyumba nilimozaliwa ilichorwa alama ya rangi ukutani, tukacheka tukidhani ni watoto wa mtaani, kisha tingatinga likaja tukiwa tunakunywa chai, na baba hakupona lile jambo mpaka tunamzika. Sasa siku moja, ndege haijaja bado, mama anarudi kutoka kliniki anakuta msalaba mweupe nyuma ya nyumba, hakuuliza mtu.

Mimi nimelijua hili mwezi uliopita, tukiwa tunachambua mchele kibarazani kwake, naye anasimulia huku anacheka mpaka machozi.

"Nimewaweza, mwanangu. Nimeung'oa na chuma chake, nikaukokota mpaka kule karibu na mtaro, nikautandika vilevile walivyoutandika wao, mawe kila pembe. Wakija kubomoa, wabomoe mtaro."

Nikamuuliza si angeutupa tu.

"Nitupe nifungwe? Kwani nimeiba? Nimeusogeza tu."

Sikuweza kucheka, kwa sababu wakati huo mume wangu alikuwa ameshamalizika. Picha zilitoka, mahesabu yakakataa, akatumwa arudie kupima ule msalaba wa kule kwa mama, akaenda, akakuta chuma kimesimama wima kama alivyokiacha, akakipima, na namba zikaja tofauti kabisa na zile za mwanzo. Akarudia, zikaja zilezile. Akarudi ofisini akawaambia wakubwa wake, "Kosa ni langu. Mara ya kwanza nilipima vibaya." Mtu aliyepima ardhi tangu ujana wake! Na serikali kuu wanasema kama amekosea huu mmoja basi misalaba yake yote haiaminiki, ipimwe upya yote, la sivyo nusu yao hawaitoi, na mwaka wa bajeti uko ukingoni. Halmashauri imemsimamisha kazi, wiki ijayo anaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na anakwenda kukiri tena.

Kazi ikipotea tutaona la kufanya, lakini mwenyewe ndiye anayepotea. Akifunga mlango anarudi kuutikisa, akiondoka anarudi kuutikisa tena. Juzi binti yetu alimwomba amsaidie hesabu za shule, akaishika penseli, akaiweka chini, akasema, "Muulize mama yako. Mimi siku hizi sijui hesabu." Kila asubuhi anakwenda kule uwanjani kusimama juu ya kile chuma, na mama anampelekea maji ya kunywa. Mama ananiuliza, "Mkwe wangu ana nini? Anatazama chini kama mtu aliyedondosha pete." Hajui kama ule msalaba ulikuwa wa mkwewe, nilishindwa kumwambia, ana presha, wakimpeleka polisi hatarudi mzima, na mume wangu akijua aliyemfanya hivi ni mama mkwe wake, ndoa yangu imekwisha. Nikisema nimemzika mama, nikinyamaza nimemzika mume, na kila siku natazama tu, nimekata tamaa kabisa, sioni mlango wa kutokea.

Mke wa Mpima

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mke wa Mpima, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilimlilia mama yako, mara ya pili nikakukasirikia wewe.

Mama yako simlaumu sana. Mtu aliyebomolewa nyumba kikombe cha chai kikiwa mkononi, akiona alama ardhini unataka afanye nini, apige makofi? Waliotuma gari la kutisha watu wangetuma mtu wa kubisha hodi na kueleza, yasingefika hapa. Na wewe unayelala nyumba moja na mpima, ulishindwa nini kumweleza mama yako ule msalaba ni wa kazi gani? Haya, hilo limepita. Lakini mwezi mzima unamtazama mtu anatikisa mlango, na jibu lake unalo mdomoni! Mwanangu, hapo umenichosha.

Nilimpigia mpima mmoja mstaafu nikamweleza bila kumtaja mtu. Akasema, "Kwa hiyo alipima sawa mara zote mbili." Umesikia? Alipima sehemu mbili, akapata namba mbili. Chuma kikijulikana kilihamishwa, namba zake za misalaba mingine zinasimama, picha ni nzima, na huu wa mama unachukua namba za mtaroni, kwa sababu huko ndiko ndege ilikouona. Kupima upya kwa nini? Serikali kuu itabaki na sababu gani ya kushikilia nusu yake? Wote hao wanangoja neno moja, na umelikalia.

Sasa nisikilize. Mwambie mume wako leo, mkiwa wawili, watoto wakiwa nje. Usianze na mama, wala presha, wala machozi yako. Anza na neno hili: "Hukukosea." Mwache alisikie kwanza, mengine yafuate. Kisha nendeni pamoja kwa mama, mwambie taratibu ndege ilikuja kufanya nini na mkwe wake anatafuta nini pale uwanjani. Awaonyeshe alipokitoa kile chuma, huenda shimo lake bado lipo. Kabla ya kikao tafuteni mwanasheria wa msaada wa bure, mama aseme kwa mdomo wake, akiwa na kadi yake ya kliniki, na aseme pia habari ya ile nyumba ya kwanza. Huenda wakamhurumia. Huenda wasimhurumie, na hapo utasimama naye. Siwezi kukudanganya kwamba itakuwa rahisi.

Na lingine ambalo hukuniuliza. Unaogopa hatamsamehe mama yako. Mimi nadhani atamsamehe, kwa sababu mama hakujua. Wewe ulijua. Jiandae kwa hilo, na usijitetee atakapokuuliza ni tangu lini.

Gazeti hili linauzwa mpaka huko kwenu, kwa hiyo usingoje alisome yeye kwanza. Kama leo imekushinda, basi kesho asubuhi, kabla hajavaa viatu vya kwenda uwanjani, mshike mkono umkalishe. Anatafuta kosa ambalo hakulifanya, na nyumbani kwenu wewe peke yako ndiye unayejua kwamba halipo.